Kwenye Pengo Kulikuwa na Mia Mbili na Arobaini

Nilikusikia. Jibu ndilo hilo. Ukitaka unaweza kuishia hapa ukaendelea na shughuli zako, ila nakuomba usiishie.

Shemeji kafika jana mchana na kikaratasi chako kimekunjwa mara nne kama dawa ya minyoo. Nikakifungua nikitegemea salamu, au angalau habari za Ipyana, kama kikohozi kimepoa. Nikakuta mstari mmoja tu: "Siku ile ulinisikia au hukunisikia?" Shemeji akasimama pale mbele ya benchi langu la kazi, anakunywa chai yangu, ananiangalia kama askari wa kizuizini. Nikamwambia alale kwetu, kesho ataondoka na jibu. Mama Ipyana, mimi nimeuza tochi tangu ruhusa ya kuuza kila kitu ilipotoka, nimeuza redio za Dubai ambazo Dubai yenyewe haizijui, sijawahi kukosa la kumwambia mteja. Jana nilifunga benchi mapema nikaenda kutafuta karatasi.

Basi nakujibu, na barua hii sijaigundisha. Shemeji akitaka kuisoma njiani aisome. Mama yako aisome. Baba nimeshamweleza yote, utaona mbele huko alisemaje. Nataka isomwe na watu kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi wazee wa kwetu wanakuja huko Mpuguso kumchukua yule ng'ombe mwekundu wa mama yako, ng'ombe wa pekee, kwa kosa ambalo ni langu.

Unakumbuka tulivyojuana? Soko la hapo hapo kwenu, mvua ile ya Rungwe isiyojua kuaga. Nimetandika turubai, tochi zimepangwa kama askari. Umekuja na globu iliyoungua umeishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. Nikaanza maneno yangu, kwamba mtoto mzuri kama wewe globu ikikuona lazima iungue. Hukutabasamu hata kidogo. Ukaniuliza tochi yako ina betri ngapi. Nikasema tatu. "Kila moja ni moja na nusu," ukasema. "Tatu ni nne na nusu. Globu uliyoniuzia ni ya mbili na nusu. Sasa nani kaiua, mimi au wewe?" Watu wakacheka, wakanicheka mimi. Nikakupa globu nyingine na nyanya juu yake, na wiki iliyofuata nikarudi Mpuguso bila mzigo wowote wa kuuza.

Wewe ulikuwa umemaliza kidato cha nne na fizikia yako kichwani, mimi niliachana na shule darasa la tano bila ugomvi, tulichokana tu. Ulipokuja kwangu ukanikuta naunga betri na taa kwa kubahatisha, ikiwaka namshukuru Mungu, ikilipuka namlaumu Mchina. Ukasema hapana, kaa chini. Ukachukua ungo, ukahesabu maharage kumi na mawili. Ukasema hii ni betri ya gari, volti kumi na mbili. Ukaweka vikombe viwili mstari mmoja, kwamba hizi ni taa mbili zimefuatana kwenye waya mmoja, ya kwanza ukinzani wake mbili, ya pili nne. Mimi nikauliza Ukinzani ni chama gani hicho, kimeshapata usajili, maana mwaka ule vyama vilikuwa vinachipuka kama uyoga. Ukaendelea kama hujasikia. Mbili na nne ni sita. Kumi na mbili gawa kwa sita, mbili. Mkondo ni ule ule mmoja unapita kote. Mbili mara mbili, nne, ukatia maharage manne kikombe cha kwanza. Mbili mara nne, nane, ukatia manane cha pili. Kwenye ungo halikubaki hata moja.

"Kinachotoka kwenye betri kinaliwa chote njiani," ukasema. "Kila mmoja anakula kwa kadiri ya ukinzani wake. Ukijumlisha lazima irudi pale pale. Isiporudi, kuna mtu kaficha."

Na kweli nilikuwa nimeficha. Nilipitisha mkono nikabana harage moja kiganjani, nikuchekeshe. Ukahesabu, ukapata kumi na moja. Hukucheka wala hukunigombeza. Ulinyoosha mkono tu, ukaacha kiganja wazi mbele yangu, ukasubiri mpaka nikalirudisha. Siku hizi nikikaa peke yangu kile kiganja ndicho kinanijia.

Miaka minne umeishi kwenye uwanja wa baba na hujamwona uso, naye hajakuona wako. Akikohoa tu getini, wewe uko kwenye migomba. Ukipita na maji na yeye anatoka, unainama unajifunika khanga mpaka apite. Jina lake hulitaji, hata neno linalofanana nalo unalizunguka. Ndiyo kutila kwetu, kuepukana kwa heshima, mkwe na mkaza mwana ni hivyo, mama zetu walipita humo humo. Hukuwahi kulalamika. Ukiwa na neno kwa baba unaniambia mimi, nampelekea. Baba akiwa na neno kwako ananiambia mimi. Nilikuwa nawatania kwamba mimi ndiye waya wa nyumba hii. Mlikuwa mnacheka wote wawili, kila mtu upande wake wa ukuta.

Ikaja harusi ya dada. Nikamuahidi uwanja utawaka taa mstari mzima, kutoka kona ya nyumba mpaka kwenye mparachichi, watu wa Kiwira waone wivu. Nitakwambia ukweli ambao siku ile nilikwambia nusu. Haikuwa dada peke yake. Nilijua watakuja watu wenye mabinti na watoto wa kuoza, na nilitaka kila mmoja aondoke akisema tumtafute yule jamaa wa taa.

Umeme tukavuta kwa jirani wa juu, mwenye laini. Globu nilizopata zilikuwa za gari, za volti kumi na mbili, wati tano, na zilikuwa kumi na nane. Ukasema kwa mia mbili na arobaini zinatakiwa ishirini. Ukiweka kumi na nane kila moja italazimika kula kumi na tatu na zaidi, zitavimbiwa, haziendi mbali. Nikasema basi tuombe Mungu. Ukasema Mungu hagawi kwa kumi na nane. Kumi na nane mara kumi na mbili ni mia mbili kumi na sita, inabaki ishirini na nne, tafuta mtu mmoja wa kula ishirini na nne. Nikaenda Kiwira, nikampata dereva wa lori la makaa ya mawe, akanichomolea globu yake ya volti ishirini na nne. Ukaisoma kitako, ukasema ni wati kumi, inafaa, mkondo wake ni sawasawa na za gari, ingekuwa wati tano ingewanyang'anya wenzake. Nilikuangalia siku ile nikasema moyoni, huyu mtu angezaliwa mwanaume angekuwa na ofisi Mbeya.

Kumbe sio ofisi uliyokuwa unahitaji. Ulihitaji mtu wa kufikisha maneno yako yakiwa mazima.

Ilikuwa saa nane mchana siku ya harusi, mvua imetoka kunyesha, uwanja umelowa. Baba kakaa kwenye kigoda chake barazani, kavua viatu kwa ajili ya tope. Wewe uko jikoni nyuma ya ukuta wa mianzi, unasonga ugali wa wapishi. Baba alikuwa anauogopa umeme, unamjua. Akaniuliza, hivi vitaa vyako haviui? Nikaja kwako. Ukaniambia neno kwa neno, na ukanishika mkono wa shati ili nisiondoke kabla hujamaliza:

"Mwambie baba, zikiwa zinawaka zote, kila moja inakula kumi na mbili tu. Ila moja ikitolewa au ikiungua, zote zinaacha kula, na mia mbili na arobaini yote inasimama pale penye pengo. Mtu asiguse mpaka plagi ichomolewe kwa jirani. Umesikia?"

Nikasema nimesikia. Nikatembea hatua kama kumi na tano kutoka jikoni mpaka barazani. Sehemu ya pili nikaiacha njiani.

Nilimwambia baba, anasema kila moja inakula kumi na mbili. Baba akauliza, hiyo si kama betri ya gari? Nikasema ndiyo baba, hata mtoto anashika. Nilijua nikimwambia ile nyingine atasema ondoa huu uchawi uwanjani kwangu, na ahadi yangu kwa dada imekwisha, na wateja wangu wamekwisha. Sikusahau, Mama Ipyana. Watu wanadhani labda nilisahau. Niliamua.

Tukawasha kujaribu. Zikawaka, watoto wakapiga vigelegele. Hazikumaliza hata robo saa, mstari mzima ukazima. Mimi niko juu ya ngazi kwenye mparachichi, mikono yangu yote imeshika waya. Baba akainuka. Siku ya harusi ya bintiye na yeye alitaka kusaidia. Akapita globu moja moja akiangalia, akaifikia ya kumi na moja, kioo kimekuwa cheusi. Akaichomoa. Akaona ndani ya holda kuna kutu. Nikamwona anafuta kidole kwenye koti lake, tayari kukwangua ile kutu nacho. Miguu mitupu, kwenye maji. Plagi iko kwa jirani.

Nilifungua mdomo, na hakuna kilichotoka. Mimi, niliye na maneno ya kumuuzia mtu tochi mchana wa jua.

Wewe uliona kupitia upenyo wa mianzi. Ulipiga kelele, "Baba, usishike." Na baba, kwa heshima yake yote, aliposikia sauti ya mkwewe akafanya anavyotakiwa kufanya. Akageuza uso akaangalia migombani. Mkono ukaendelea kwenda.

Ndipo ukatoka na mwiko. Kichwa wazi, khanga imebaki mlangoni, ugali unadondoka njiani. Ulimpiga baba kwenye kifundo cha mkono, pa, kama mtu anayefukuza kuku kwenye mahindi, na globu ikaruka ikapasukia kwenye jiwe la kuoshea. Ukabaki umesimama mbele yake, uso kwa uso, hatua moja. Nilisikia maji yakitiririka kwenye bati.

Baba mkubwa, kaka yake baba, ndiye aliyezungumza kwanza. Hakukuuliza wewe. Aliangalia juu kwenye ngazi akaniuliza mimi: "Wewe fundi. Hicho alichotaka kugusa mdogo wangu kilikuwa na nguvu ngapi?"

Watu wote wananiangalia. Wageni wa upande wa bwana harusi wameshaanza kufika. Na wewe ukanyanyua macho. Hukuniomba. Ulinisubiri tu, kama siku ya maharage.

"Kumi na mbili, baba mkubwa," nikasema. "Ya betri." Halafu, Mungu anisamehe, nikaongeza kwamba labda mke wangu alidhani baba ni ugali haujaiva.

Kuna waliocheka. Nilisikia vicheko viwili vitatu. Wewe ukauokota mwiko, ukaufuta tope kwa kiganja, ukarudi jikoni ukajifunika. Ukamaliza kusonga. Wapishi walikula ugali wako siku ile, hakuna aliyekosa.

Taa ziliwaka jioni. Globu ya kuziba, wati tano ile ile, niliichomoa kwenye indiketa ya ubavuni ya gari la bwana harusi, akaondoka na bibi harusi akiwa na uwezo wa kukata kona za kushoto tu. Watu walisifia sana. Watu watatu waliniita pembeni wakaniuliza niko huru lini. Nikapiga nao mikono chini ya taa zako, kwa hesabu yako, na wewe uko chumbani umefunga mlango unapanga nguo za mtoto, alfajiri mrudi Mpuguso.

Jumatatu wazee wakakaa. Mkaza mwana kamwangalia mkwe usoni, kampigia kelele, kampiga kwa mwiko mbele ya wakwe wapya, na sababu yenyewe taa ya gari isiyoweza kumuua hata nzi. Wakasema kwenu watoe ng'ombe, ndipo baba asafishwe na wewe urudi. Nilikuwepo pale kwenye kikao. Waliniuliza kama nina neno. Nikasema sina. Nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu kusema sina neno, na ilikuwa uongo.

Wiki iliyopita nilimwazima fundi redio wa stendi mita yake. Nikanunua globu mpya nikaitia pale penye ya kumi na moja, nikafunga mstari wote tena pale uwanjani, mchana kweupe, baba na watu wote wakiwa shambani. Viatu vya mpira miguuni, huku nikisali. Nikapima globu moja moja zinawaka. Kumi na mbili kasoro. Kumi na mbili kasoro. Ile ya lori, ishirini na nne kasoro. Nikapima na waya wenyewe kutoka kwa jirani, maana uliwahi kuniambia waya nao unakula, nikakuta umekula kama mbili. Nikajumlisha kwa mkaa ukutani, nikarudia mara tatu. Ilirudi pale pale. Hakuna aliyeficha.

Halafu nikaichomoa ya kumi na moja. Zikazima. Nikaziwekea mita zile nyingine moja moja: sifuri, sifuri, sifuri. Mpaka ile kubwa ya lori, sifuri. Nikapeleka ncha za mita kwenye pengo, na sindano ikaruka mpaka mia mbili na arobaini ikatulia hapo.

Nilikaa kwenye kigoda cha baba. Siku ile tulikuwa wengi uwanjani, Mama Ipyana. Wazee, wageni, wapishi, mimi juu ya ngazi na mdomo wangu. Hakuna hata mmoja wetu aliyebeba chochote. Yote yalisimama kwako.

Jioni ile ile nikamfuata baba. Alikuwa anamkatia ng'ombe majani ya migomba. Nikamweleza yote, na hatua kumi na tano nikamweleza, na "hata mtoto anashika." Sikutania. Alisikiliza huku anakata. Alipomaliza mzigo akauliza taratibu, "Mia mbili na arobaini inamfanyaje mtu aliyesimama kwenye maji?" Nikamwambia. Akakaa chini. Akakishika kile kifundo cha mkono, akakisugua, mpaka nikafikiri bado kinamuuma.

"Basi alinipiga kidogo," akasema.

Nikadhani yameisha, nikataka kushukuru. Akanizuia. Akasema, uongo uliusemea uwanjani mbele ya watu, ukweli usiniletee huku kwenye banda la ng'ombe. Urudishe ulikoutolea. Na Jumamosi wazee wakikutana kwake kabla ya kuanza safari ya huko, hatamfungulia mdomo kaka yake kunitetea. Niseme mwenyewe. Baba mkubwa ameshasikia tetesi na anasema ni maneno ya mume aliyelemewa na kupika. Haamini. Kwa hiyo maneno yangu matupu hayatoshi, na hapo simlaumu, mimi mwenyewe nisingeyanunua.

Sasa sikiliza dili.

Ng'ombe wa mama asifunguliwe kamba. Jumamosi asubuhi nafunga mstari wote, globu zote kumi na nane nilizobaki nazo, na ile ya lori humo humo, wazee wakiwa wamekaa. Wewe njoo mpaka jikoni, ukae nyuma ya mianzi pale pale, khanga yako kichwani, hakuna atakayesema umevunja kitu. Utaniambia yale maneno uliyoniambia siku ile, yote, kwa sauti ya kawaida, na mimi nitatembea zile hatua kumi na tano niyaseme barazani kama yalivyo. Mita atashika baba mkubwa mwenyewe, viatu vya mpira nimeshamwazimia. Ikisoma kumi na mbili pale kwenye pengo, ng'ombe natoa mimi, nauza benchi na tochi na ngazi, na wewe huna deni na mtu wa kwetu. Ikisoma mia mbili na arobaini, naeleza mbele yao nani alisema na nani alificha, na wao ndio watakaoona wakuombe radhi vipi. Nikipunguza neno moja kati ya jiko na baraza, hata neno dogo, mchukue Ipyana mwondoke wakati huo huo, sitawafuata.

Na ya kumi na moja? Ndiyo hiyo iliyomo humu ndani, nimeizungushia pamba na karatasi ya sigara. Nimempa shemeji aishike kama yai. Usipokuja, nitawaonyesha pengo tu, litatosha kumwokoa ng'ombe. Ila zile taa haziwaki bila hiyo, na sinunui nyingine.

Ukikubali, usiniandikie. Njoo nayo.

Mumeo kama bado unanihesabu,
Baba Ipyana